Kungoja, Kutekwa, Kuzama: Merikebu za Biashara katika Bahari ya Hindi, 1793–1810

Kati ya Novemba 1808 na Machi 1809, merikebu 7 kubwa zilizokuwa zikiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki zilipotelea katika Bahari ya Hindi. Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, na wawindaji wa Kifaransa, walioteka merikebu za biashara, walikuwa na bandari yao kando ya njia. Hata hivyo, hakuna kati ya merikebu hizo iliyozamishwa na mzinga wa adui. Zilikumbwa na tufani na hazikuonekana tena.

Historia ya vita vya majini husimuliwa kwa mapigano. Tunatajiwa majina ya maamiri na idadi ya mizinga, basi. Lakini baharia wa merikebu ya biashara aliyafahamu mapigano kwa saa chache tu, ikiwa aliyaona kabisa. Kilichomwandama siku zote ni muda. Vita vilimfanya angoje alipopaswa kuondoka, na vilimsukuma baharini alipopaswa kungoja. Vilimfungia bandari ambayo angeikimbilia, na vilimwondolea wenzake wenye ustadi kabla safari haijaisha. Ili kuelewa kwa nini watu wengi hivyo walipotea, ni lazima tufuate mpangilio wa misimu na namna vita vilivyouvuruga.

Kalenda ya pepo, kabla ya 1793

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa kaskazi na kusi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia Disemba, na kusi ikayarudisha baada ya Aprili. Merikebu za Ulaya zilikuwa na milingoti mitatu na matanga ya mraba, zikabeba shehena nyingi kuliko jahazi lolote, lakini nazo zilitii pepo hizo hizo.

Merikebu zilizotumikia Kampuni zilikuwa na uwezo wa tani 800 hivi kwa safari za India, na tani 1,200 kwa safari za China. Nyingi zilibeba mizinga kati ya 26 na 36 na mabaharia zaidi ya 100. Kwa kawaida Kampuni ilizikodi kutoka kwa matajiri wa London. Ziling'oa nanga Uingereza miezi ya mwanzo ya mwaka, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kisha zikaichukua kusi hadi Madras, Calcutta au Bombay. Safari ya kwenda peke yake ilichukua miezi minne hadi sita. Kurudi kulitegemea kaskazi: wenye hariri, pamba na shura waliondoka India kuanzia Disemba, na wenye chai waliondoka China mnamo Januari, ili wote waipite Rasi kabla ya baridi kali ya kusini mwa dunia.

Ratiba hii haikuwa na nafasi ya uzembe. Pwani ya Coromandel, ambako Madras ipo, haikuwa na bandari ya kujificha. Merikebu zilitia nanga baharini wazi, na watu na mizigo wakavushwa katika mawimbi kwa boti za masula, zilizoshonwa kwa kamba za nazi kama mtepe wa Lamu. Kuanzia katikati ya Oktoba manahodha waliikwepa pwani hiyo kwa hofu ya dhoruba. Kusini zaidi, katika maji ya Mauritius, vimbunga vilitawala kuanzia Disemba hadi Aprili. Aliyechelewa mwezi mmoja mahali pamoja aliweza kujikuta ndani ya hatari mahali pengine, maelfu ya maili mbele.

Kisiwa cha wawindaji, 1793–1800

Februari 1793 Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Uingereza. Ghafla kisiwa cha Mauritius, ambacho wakati huo Wafaransa walikiita Ile de France, kikawa mwiba. Kilikaa kando ya njia kuu ya kwenda na kurudi India, kilikuwa na bandari salama ya Port Louis, na kilijaa mabaharia waliokuwa tayari kutumia hati za serikali zilizowaruhusu kuteka meli za adui na kuziuza kwa faida.

Utajiri wa kisiwa hicho haukutoka hewani. Mnamo 1776 mfanyabiashara Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu waliochukuliwa Kilwa, Msumbiji na Madagaska ndio waliolima mashamba ya kisiwa hicho. Bandari iliyowatisha mabaharia wa India ilisimama juu ya jasho la watu wa pwani yetu na bara lake.

Kati ya wawindaji wote, Robert Surcouf wa Saint-Malo ndiye aliyevuma zaidi, na ushindi wake wa kwanza mkubwa unaonyesha jinsi kungoja kulivyokuwa hatari. Merikebu zilizofika mlango wa mto Hugli, njia ya kwenda Calcutta, hazikuthubutu kuingia peke yake kwa sababu ya mafungu ya mchanga. Zilitia nanga na kumngoja rubani. Januari 1796 Surcouf aliteka chombo cha marubani, akaingia humo na watu wasiofika 20, akaisogelea merikebu Triton. Mabaharia wa Triton walipoona chombo cha rubani hawakushtuka. Walipotambua kosa lao, Wafaransa walikuwa tayari sitahani.

Oktoba 1800, akiwa na chombo chake Confiance, Surcouf aliikuta Kent katika Ghuba ya Bengali. Kent ilikuwa imejaa watu kupita kiasi, kwa kuwa ilikuwa imewachukua abiria wa Queen, merikebu iliyoungua miezi michache kabla ikiwa Salvador, Brazil. Ndani ya Kent mlikuwa na watu takriban 400. Wafaransa hawakufika 150. Lakini msongamano si nguvu. Surcouf aliipandia ubavuni, nahodha Rivington akauawa, na merikebu ikachukuliwa.

Vita hivyo vilizigusa pia tawala za eneo hili. Mwaka 1798, Napoleon alipoingia Misri, Kampuni ilimshawishi mtawala wa Omani, Sultan bin Ahmad, atie saini mkataba wa kuwazuia Wafaransa katika nchi yake. Hata hivyo wafanyabiashara wa Muscat waliendelea kuuziana bidhaa na Mauritius. Kwao, kutokuwa upande wowote kulikuwa mtaji: bandari za pande zote mbili zilikuwa wazi kwao wakati Mwingereza na Mfaransa wakiogopana.

Msafara: kinga na kifungo

Jibu la Uingereza lilikuwa msafara. Mwaka 1798 Bunge lilipitisha sheria iliyozilazimisha meli nyingi za biashara ya nje kusafiri kwa pamoja chini ya manowari. Merikebu za Kampuni nazo zilikuwa zikisindikizwa kwa mafungu. Hakuna shaka kwamba kinga hii iliokoa shehena nyingi. Mwindaji aliyezoea kukuta merikebu moja moja sasa alikuta bahari tupu kwa wiki nyingi, kisha fungu kubwa lenye mizinga.

Lakini kinga hiyo ilikuwa na gharama. Merikebu zilikusanyika Portsmouth, zikangoja wenzao walio nyuma, zikangoja manowari ipangiwe kazi, kisha zikangoja upepo. Upepo wa magharibi ulipoziba njia ya kutoka kati ya Uingereza na Ufaransa, fungu zima lilikaa nangani kwa wiki kadhaa. Chakula cha safari kiliendelea kuliwa, maji yakaendelea kunywewa, na msimu ukaendelea kupita. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa maneno hayo yalikuwa kweli kabisa.

Baharini, mwendo wa msafara ulikuwa mwendo wa chombo kilicho kizito kuliko vyote. Merikebu nyepesi zilipunguza matanga ili zisiwaache wenzao. Usiku ziliongozwa kwa taa na kwa milio ya mizinga, na giza au ukungu ulipoingia, wenzi wa safari waligeuka hatari ya kugongana. Waliokuwa wakirudi walikusanyika kisiwa cha Saint Helena, katika Atlantiki, wakangoja tena manowari ya kuwafikisha nyumbani. Kila siku ya kungoja ilikuwa na bei: mikataba ya kukodi ilikuwa na malipo ya nyongeza kwa ajili ya vita, na fidia kwa siku ambazo merikebu ilizuiliwa. Na zote zilipofika pamoja, bidhaa zilimiminika sokoni kwa mkupuo na bei ikashuka.

Watu ndio walioumia zaidi. Safari ikirefuka, mboga na matunda huisha, na ugonjwa wa kiseyeye huanza kuvimbisha fizi na kufungua makovu ya zamani. Jeshi la Wanamaji la Uingereza nalo lilikuwa na njaa ya mabaharia. Maofisa wake walipanda merikebu za biashara, India na hata mlangoni mwa Uingereza, wakawachukua kwa nguvu watu wenye afya na ustadi. Mtu aliyekuwa mbali na mkewe kwa mwaka mmoja na nusu aliweza kuiona nchi yake kwa macho, kisha akahamishiwa manowari bila kukanyaga nchi kavu. Mapengo yalijazwa na mabaharia wa Kihindi walioitwa lascar, pamoja na Wachina na Wareno. Wengi wa lascar walikuwa Waislamu wa Bengali na Gujarat, watu wa kazi wenye kuijua bahari, lakini walilipwa kidogo na kuvalishwa kidogo kuliko wenzao wa Ulaya katika baridi ya Rasi.

Pulo Aura, 1804

Amani ya 1802 ilidumu mwaka mmoja na miezi michache tu. Vita viliporudi Mei 1803, habari zilisafiri kwa mwendo wa tanga, na miezi ilipita kabla ya nahodha aliyeko Asia kujua nani ni adui.

Mwishoni mwa Januari 1804, fungu la chai liliondoka China chini ya nahodha Nathaniel Dance. Lilikuwa na merikebu 16 za Kampuni, pamoja na merikebu nyingine za wafanyabiashara, na shehena yake ilikadiriwa kuwa na thamani ya pauni milioni 8. Hakukuwa na manowari hata moja ya kulilinda. Tarehe 14 Februari, karibu na kisiwa cha Pulo Aura, mlangoni mwa njia ya Malacca, Dance aliona matanga mageni: amiri Linois wa Ufaransa, akiwa na manowari Marengo yenye mizinga 74, frigeti mbili na vyombo vidogo.

Kutawanyika kungekuwa kifo cha biashara hiyo. Dance alizipanga merikebu zake katika mstari wa vita, akatweka bendera za Jeshi la Wanamaji kwenye baadhi yake, na usiku akaziacha zikingoja mahali pamoja taa zikiwaka, kana kwamba hazina hofu. Linois aliiona mistari ile ya mizinga ikiwa imepakwa rangi kama ya manowari, akasita hadi asubuhi. Aliposhambulia, Waingereza walimgeukia. Baada ya muda usiofika saa moja Mfaransa alijitoa, na merikebu za chai zikamkimbiza kwa saa mbili. Kwa upande wa Dance alikufa mtu mmoja. Chama cha bima cha Bombay kilimtunuku pauni 5,000, na mfalme akampa cheo cha heshima.

Ushindi huo ulistahili sifa zake. Lakini ulificha ukweli mchungu: mali yenye thamani ya pauni milioni 8 iliokolewa na rangi, bendera na moyo wa nahodha mmoja, kwa sababu mfumo wa ulinzi haukuweza kuifikia kwa wakati.

Earl of Abergavenny, Februari 1805

Miongoni mwa manahodha waliosimama na Dance alikuwa John Wordsworth wa Earl of Abergavenny, mdogo wake mshairi William Wordsworth. Mwaka uliofuata alipewa safari nyingine ya India na China. Alitia mtaji wake na wa ndugu zake katika bidhaa, akiwa na matumaini ya kurudi tajiri na kustaafu.

Merikebu yake ilingoja msafara Portsmouth, ikaondoka tarehe 1 Februari 1805, katikati ya majira ya dhoruba. Upepo uliwatenganisha na manowari iliyowasindikiza. Badala ya kuendelea peke yake, ilielekea hifadhi ya Portland na kumchukua rubani. Tarehe 5 Februari, alasiri, upepo ulikufa na mkondo ukaisukuma juu ya fungu la mchanga na mawe liitwalo Shambles. Iligongagonga hapo kwa muda mrefu, ikajinasua, lakini maji yalikuwa yameshajaa tumboni. Usiku huo ilizama ndani ya ghuba ya Weymouth, karibu na nchi kavu. Watu zaidi ya 250 walikufa, nahodha akiwamo.

Mtu aliyesimama mbele ya mizinga ya Linois na kurudi salama alikufa ndani ya maji ya nchi yake, akiutafuta msafara ulioundwa kumlinda. Katika kipindi chote hiki hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi kwamba ucheleweshaji ulikuwa hatari yenyewe.

Tufani mbili, 1808–1809

Oktoba 1805 jeshi la majini la Ufaransa na Hispania lilivunjwa huko Trafalgar. Wengi hudhani kwamba baada ya hapo biashara ya Uingereza ilikuwa salama. Kwa Bahari ya Hindi haikuwa hivyo. Ufaransa iliyoshindwa kupigana fungu kwa fungu iliongeza nguvu katika kuwinda wafanyabiashara, na gavana Decaen wa Mauritius alikuwa mtu wa kazi hiyo.

Hofu ya wawindaji iliwalazimisha Waingereza kushikilia misafara, hata tarehe zisipofaa. Oktoba 25, 1808, baada ya siku ambazo manahodha walizoea kuikimbia pwani ya Coromandel, fungu moja liliondoka Madras chini ya manowari Albion. Mwezi uliofuata, likiwa katikati ya bahari, lilikumbwa na tufani. Merikebu 3, yaani Glory, Lord Nelson na Experiment, zilipotea. Lord Nelson ilikuwa imetekwa na Wafaransa mwaka 1803 na kukombolewa baada ya siku chache. Mwindaji aliiachia, bahari haikuiachia.

Fungu la pili liliondoka Ceylon katikati ya Februari 1809, likiongozwa na manowari Culloden ya amiri Pellew. Merikebu zilikuwa zimelemewa na shehena, shura ikiwemo, mzigo mzito usio na mnyumbuko. Tarehe 14 Machi zilifika maji ya Mauritius na kimbunga kikazipata. Matanga yalipasuka, milingoti ikavunjika, maji yakapanda ngamani kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa. Zilizookoka zilifika Rasi zikiwa magofu. Calcutta, Bengal, Lady Jane Dundas na Jane Duchess of Gordon hazikufika popote. Zilibeba mabaharia, wanajeshi, wanawake na watoto waliokuwa wakirudi nyumbani.

Bandari iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Port Louis. Wakati wa amani, nahodha aliyevunjikiwa mlingoti angeelekea huko na kuomba hifadhi. Wakati wa vita, hifadhi hiyo ilikuwa gereza. Na katika merikebu ambazo Jeshi la Wanamaji lilikuwa limezipunguzia watu, mikono ya kupiga pampu na kupanda foromalini haikutosha.

Windham na kuanguka kwa Mauritius, 1809–1810

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Mei 1809 frigeti ya Kifaransa Caroline iliteka Streatham na Europe katika Ghuba ya Bengali. Novemba mwaka huo kikosi cha Kifaransa cha Hamelin kiliteka Windham, Charlton na United Kingdom. Disemba, Windham ilikombolewa na manowari Magicienne, ikarudishwa kazini.

Julai 3, 1810, Windham ilikuwa katika mlango wa Msumbiji pamoja na Ceylon na Astell, zikipeleka wanajeshi India. Maji ya Komoro yalikuwa mapumziko ya kawaida: kwa miaka mingi merikebu za Kampuni zilitia nanga Nzwani kuchukua maji, ng'ombe na matunda. Safari hii kikosi cha Kifaransa cha Duperré kilizikuta karibu na Mayotte. Zilipigana hadi usiku. Astell ilitoroka gizani, lakini Windham na Ceylon zilitekwa. Mwezi uliofuata Windham ilikombolewa tena na Waingereza mbele ya Mauritius. Ndani ya miezi 9 merikebu moja ilikuwa imetekwa mara mbili na kukombolewa mara mbili, na shehena iliyokusudiwa ilikuwa imesahauliwa kabisa.

Ceylon ilipata hatima ya ajabu zaidi. Wafaransa waliipanga katika mstari wao kwenye pigano la Grand Port, Mauritius, Agosti 1810, ikawafyatulia mizinga wenyewe wa awali. Huko Waingereza walipoteza frigeti 4, wakaelewa kwamba kusindikiza merikebu hakutoshi mradi kiota chenyewe kipo. Mwishoni mwa Novemba walifika na meli karibu 70 na jeshi la watu takriban 10,000. Decaen alisalimu amri tarehe 3 Disemba 1810. Katika bandari walizikuta Ceylon, Charlton na United Kingdom zikiwa zimefungwa gatini.

Matokeo yake kwetu

Kuanguka kwa Mauritius kuliwaondoa wawindaji katika Bahari ya Hindi. Mkataba wa 1814 uliiacha Mauritius mikononi mwa Uingereza, huku kisiwa jirani cha Reunion kikirudishwa kwa Ufaransa. Pepo zikarudi kuwa kalenda pekee ya safari.

Lakini mkono huo huo ulifika pwani yetu. Mwaka 1822 gavana wa Mauritius, Farquhar, alimtuma nahodha Moresby kufunga mkataba na mtawala wa Omani, Seyyid Said, uliokataza kuuza watumwa kwa Wakristo, na hivyo kuziba soko la visiwa vya Mascarene, yaani Mauritius na jirani zake. Mwanahistoria Abdul Sheriff ameonyesha jinsi mtaji uliokosa soko hilo ulivyogeukia mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, ambako watumwa walizidi kuhitajika badala ya kupungua. Vita vilivyoanzia Paris na London vilisaidia kuamua nani angelima nini Zanzibar.

Kwa hiyo tunapoisoma historia ya kipindi hicho, tusiishie Trafalgar. Wafaransa waliteka merikebu nyingi, na mizinga yao iliua. Lakini hasara kubwa ya roho katika njia ya India ilitokana na ngojangoja, misimu iliyokosewa, bandari zilizofungwa na mabaharia walioporwa merikebuni mwao. Serikali zote mbili zilijua hatari hizo na zilikubali wengine wazilipie. Majina ya manahodha yamehifadhiwa. Ya mabaharia wengi, na zaidi ya lascar waliopiga pampu pamoja nao, hayakuandikwa popote. Anayeandika historia ya Bahari ya Hindi leo ana deni la kuwahesabu.